Dola ya Linden si akiba: majibu kwa wageni wa Second Life

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu walioingia Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, miezi ya karibuni, na karibu zote zinahusu fedha ya humo, dola ya Linden (L$). Nimezichagua makusudi. Kutembea, kuruka na kubadilisha sura ya avata, yaani umbo lako la humo ndani, utajifunza mwenyewe kwa siku mbili tatu, na ukikosea hupotezi kitu. Kwenye fedha, kosa la dakika moja linaweza kukula ulichokihangaikia mwezi mzima, na mara nyingi hakuna wa kukurudishia.

Nimejiunga juzi, salio langu linasoma L$0. Kwani mgeni hapewi chochote cha kuanzia?

Hapewi. Zamani akaunti za bure zilikuwa na posho ndogo ya kila wiki, lakini wanaojiunga bure tangu mwaka 2006 hawaipati tena. Anayelipia uanachama wa Premium hupewa L$300 kwa wiki, na hizo tayari amezilipia ndani ya ada yake, kwa hiyo usiziite zawadi.

Naomba pia wageni waache kuombaomba. Kumsimamisha mtu usiyemjua na kumwambia "naomba dola kidogo, mimi mgeni" ndiyo njia ya haraka ya kufukuzwa kwenye kiwanja chake. Vitu vya bure vimejaa: nywele, nguo, viatu, hata nyumba nzima. Unaweza kukaa mwezi wa kwanza wote bila kutumia dola moja, na ningekushauri ufanye hivyo hivyo. Mwezi huo utakufundisha unachokitaka kweli ni nini.

Ndugu mwandishi, naomba ufafanuzi: dola ya Linden ni pesa kweli au ni pointi za mchezo tu?

Hili ndilo swali linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Ina sura ya pesa. Unainunua kwa dola za Marekani kwenye soko la LindeX, ambalo Linden Lab, kampuni ya San Francisco inayomiliki ulimwengu huu, ililianzisha mwaka 2005. Bei yake haikupigwa msumari, inapanda na kushuka kidogo kufuatana na wanaonunua na wanaouza, ingawa kwa miaka mingi imezunguka kwenye L$250 hivi kwa dola moja ya Marekani. Inanunua jasho la watu: kuna mshonaji, fundi wa majengo, mwandishi wa skripti (maagizo yanayoendesha vitu) na mpiga muziki wanaolipwa nayo na kuibadilisha kuwa fedha za kulipia bili zao.

Na thamani ya namna hiyo si ndoto. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alipima uchumi wa Norrath, nchi ya kubuni ndani ya mchezo wa EverQuest, kwa kuangalia bei ambazo wachezaji waliuziana vitu kwa fedha halisi. Hesabu zake zilionyesha pato kwa kila mkazi likiangukia kati ya Urusi na Bulgaria. Wenye EverQuest hawakuyataka mauzo hayo. Linden Lab wao walifanya kinyume: wakayafungulia soko rasmi.

Lakini fungua masharti uliyoyakubali siku ya kujiunga, yale uliyoyapita mbio ukabofya "nakubali". Yanasema dola ya Linden ni leseni yenye mipaka. Umepewa ruhusa ya kuitumia humo ndani, kwa namna kampuni inavyopanga. Huidai kampuni dola za Marekani kwa ajili ya salio lako. Kampuni inaweza kuongeza wingi wake sokoni, kuweka mipaka ya kununua na kuuza, kubadilisha ada na kufunga akaunti yako.

Mwanasheria mmoja wa Marekani, Marc Bragg, aliyaona hayo mwaka 2006. Alipata kiwanja kwa bei ya chini sana kupitia mnada ambao haukuwa umetangazwa wazi, kampuni ikasema amepita mlango wa uani, ikamfungia akaunti pamoja na kila alichokuwa nacho. Akaenda mahakamani. Mei 2007 jaji wa shirikisho huko Pennsylvania alikataa ombi la kampuni kwamba kesi ipelekwe kwa msuluhishi, na Oktoba mwaka huo pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Kwa hiyo swali kubwa, la nani hasa mwenye mali ya humo ndani, halikupata hukumu.

Jibu langu basi: ichukulie kama tiketi. Tiketi ina thamani, inauzika, inakuingiza mahali. Ila hakuna mtu anayeweka uzee wake kwenye tiketi. Ingiza unachokwenda kutumia, kitumie, na ukipata zaidi ya unachohitaji, kitoe.

Ninunue dola ngapi kwa kuanzia?

Kwa wiki nne za kwanza, sifuri. Baada ya hapo, nunua kwa mara moja kiasi cha kukutosha mwezi.

Nasema mara moja kwa sababu ya ada. Kila ununuzi unakatwa ada, na ada hiyo ina kima cha chini. Anayenunua tone kwa tone, leo dola mbili za Marekani, keshokutwa tatu, analipa kima hicho kila mara, na mwisho wa mwezi sehemu nzuri ya fedha yake imeishia kwenye ada. Kabla ya kuthibitisha, soma jumla ya mwisho kwenye skrini. Wageni wengi huangalia idadi ya dola za Linden peke yake.

Kuna namna mbili za kununua. Ya kwanza unapewa papo hapo kwa bei iliyopo sokoni. Ya pili unataja bei unayoitaka na kusubiri mpaka atokee muuzaji wa bei hiyo. Ukiwa na haraka ya kulipia kodi ya kiwanja, tumia ya kwanza. Kama huna haraka, ya pili inakupa dola zaidi kidogo, lakini usitaje bei ya ndotoni. Oda itakaa wiki nzima na fedha yako imeshikiliwa.

Nimenunua gauni la L$299, nikilivaa mwili unatokeza kila upande. Nikabonyeza tena, likaja sanduku, sasa nimelishika mkononi. Muuzaji ni tapeli?

Muuzaji si tapeli. Hukusoma. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno na bado linakuja, kwa hiyo leo naliandika kwa herufi za kukaa.

Sanduku ni kifungashio. Liweke chini mahali panaporuhusu kuweka vitu, liguse, litoe vilivyomo viingie kwenye ghala lako la vitu, halafu uvae gauni lenyewe. Nilimwona dada mmoja wiki iliyopita amesimama katikati ya ukumbi wa ngoma, sanduku la buluu limemfunika kichwa mpaka mabegani, picha ya kiatu imebandikwa ubavuni. Watu wanamzunguka wakicheza na hakuna aliyemwambia kitu. Nilimpeleka pembeni, dakika mbili tukamaliza. Nyie wenyeji mnaopita mkicheka, na nyie mlikuwa wageni.

Kuhusu mwili kutokeza: nguo za siku hizi zimeumbwa kwa ajili ya miili maalum inayouzwa na watengenezaji mbalimbali. Gauni lililoshonwa kwa mwili wa Maitreya Lara halitakukaa ukiwa na mwili wa bure uliopewa siku ya kujiunga. Kwenye tangazo pameandikwa miili inayofaa. Na karibu kila duka lenye kujiheshimu linatoa nguo ya kujaribia kwa L$0 au L$1, imeandikwa maandishi makubwa ili usiivae mitaani. Ijaribu, tembea nayo, kaa nayo chini, inama. Anayenunua bila kujaribu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia amelifunga mwenyewe.

Nimechoka na kochi langu, nataka kuliuza. Sehemu ya kuuza haikubali. Nililipa L$650! Nani kanizuia?

Aliyelitengeneza, na alikuambia mapema. Kila kitu humo ndani kinakuja na ruhusa tatu: kunakili, kubadilisha na kuhamisha. Muuzaji huchagua zipi akupe. Kwa kawaida hakupi kunakili na kuhamisha pamoja, maana ungechapisha makochi elfu moja ukaanza kushindana naye kwa mali yake mwenyewe.

Kochi lako, bila shaka, lina ruhusa ya kunakili lakini halina ya kuhamisha. Unaweza kuweka ishirini sebuleni, huwezi kumpa mtu hata moja. Kitu cha kuhamisha bila kunakili ni kinyume chake: kipo kimoja, unaweza kukiuza au kukitoa zawadi, na kikipotea kimepotea.

Mimi kwa samani na majengo nachukua ya kunakili kila mara. Makosa hutokea, seva huzimika, vitu humezwa, na nakala ghalani ndiyo bima pekee uliyonayo. Kumbuka pia kwamba vingi unavyonunua havina bei ya mkono wa pili. Siku ulipolipa L$650 fedha ile ilikwisha. Usiijumlishe kwenye "mali yangu" kama wanavyofanya wengi wanaoniandikia.

Mtu amenipa mti wa bure, anasema unazaa dola. Nimeuweka chini, kikatokea kidirisha kinaomba ruhusa ya kuchukua dola kwenye akaunti yangu. Nikubali ili uanze kuzaa?

USIKUBALI. Kama umeshakubali, acha kusoma, rudi ukaufute mti huo sasa hivi.

Haya, sikiliza. Vidirisha vya ruhusa viko vingi na vingi havina madhara. Kiti kinaomba kuendesha miondoko ya avata yako ili ukae vizuri. Kofia inaomba kujibandika kichwani. Watu huvizoea, kidole kinabofya "ndiyo" kabla jicho halijasoma. Hapo ndipo tapeli anapovizia. Kidirisha cha fedha kina maneno yake: kinataja kitu fulani na kusema kinaomba kuchukua dola za Linden kutoka kwako. Ukikubali, skripti iliyomo inaweza kukomba salio lote kwa sekunde moja, au kusubiri kimya mpaka siku utakapoongeza salio.

Sasa angalia ujanja ulivyosukwa. Skripti inaweza kuomba ruhusa hiyo kwa mwenye kitu peke yake. Mti wa tapeli ukisimama kwenye kiwanja chake hauwezi kukugusa. Ndiyo maana anakupa bure! Ukishaupokea na kuuweka chini, mwenye mti ni wewe, na mti unamwomba mwenye wake. Wema wote ule ulikuwa njia ya kukuvisha umiliki.

Ruhusa hii ina kazi halali moja kubwa: mashine yako mwenyewe ya kuuzia, inayomrudishia mteja chenji au kumgawia mshirika wako fungu lake. Mgeni asiye na duka hana sababu ya kuikubali hata mara moja.

Na kwa kuwa tuko hapo: ukitumiwa ujumbe wenye kiungo cha "punguzo kubwa leo tu", na ukurasa ukakuomba nywila yako, huo ni mtego. Andika anwani ya soko mwenyewe kila unapokwenda. Akaunti za marafiki hutekwa, kisha hutumika kusambaza viungo hivyo, kwa hiyo jina la rafiki juu ya ujumbe halithibitishi kitu.

Kuna mahali dola zinauzwa nusu ya bei ya LindeX?

Zipo zinazotangazwa hivyo, na mara nyingi zimenunuliwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akilalamika, dola zinafuatiliwa mpaka kwako na akaunti inafungwa ukiwa umeshalipa. Mwaka 2013 idara ya Marekani inayosimamia uhalifu wa kifedha ilitoa mwongozo kuhusu sarafu za mtandaoni, na baada yake kampuni ikaanza kuwabana wabadilishaji wa nje. Nunua kwenye soko rasmi, basi.

Kaka, rafiki yangu ana mtu anayepokea dola za watu na kurudisha na faida kila wiki. Yeye ameshalipwa mara tatu. Nijiunge?

Hapana. Na rafiki yako atoe zake leo, kama bado zinatoka.

Hadithi hii ni ya zamani na mwisho wake unajulikana. Palikuwa na benki humo ndani ikiitwa Ginko Financial. Watu waliweka dola zao, riba ilihesabiwa kila siku, na kwa mwaka ilivuka asilimia 40. Hakuna aliyeonyeshwa biashara gani inazaa riba ya namna ile. Aliyetaka kutoa alitoa, na waliolipwa walikwenda kusimulia, kama rafiki yako anavyosimulia.

Julai 2007 Linden Lab ilipiga marufuku kamari humo ndani. Hofu ikaingia, watu wakakimbilia kwenye mashine za kutolea fedha, foleni ikawa ndefu kuliko kilichomo. Agosti benki ikafa. Madai ya walioweka yalitajwa kuwa karibu dola 750,000 za Marekani. Januari 2008 kampuni ikakataza mtu yeyote kupokea amana na kuahidi riba humo ndani bila kibali cha serikali cha kufanya kazi ya benki. Katazo hilo lilianza kutumika tarehe 22 mwezi huo.

Kwa hiyo huyo mtu wa rafiki yako, awe mwaminifu au mwizi, anavunja kanuni kwa kule kupokea tu. Akifungiwa kesho, dola zenu zinafungiwa naye. Wale waliopoteza kwa Ginko hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wenyeji wenye maduka, watu wa hesabu. Walilipwa mara tatu, mara kumi, wakaamini malipo kuwa ushahidi. Kulipwa kwa mara ya tatu kunaonyesha tu kwamba watu wapya bado wanaingia.

Narudi pale pale: dola ya Linden haizai. Haikopeshwi kwa mwenye kiwanda wala haijengi barabara. Anayekuahidi riba juu yake atakulipa kwa fedha ya anayekufuata.

Mashine za bahati nasibu za kuvuta kitu usichokijua bado zipo?

Zile za kulipa ukapewa kitu kwa kubahatisha zilikatazwa kuanzia Septemba 2021. Michezo ya ujuzi yenye zawadi za fedha inaruhusiwa tangu 2014 kwa waendeshaji waliosajiliwa tu, kwenye maeneo yaliyotengwa. Ukikuta mashine nje ya hapo, pita.

Bora kununua kiwanja au kupanga?

Panga. Tena panga kidogo, kwa wiki moja moja.

Wanaoandika "nimenunua kiwanja" mara nyingi hawajui kwamba wameingia gharama mbili. Ya kwanza ni bei ya kiwanja. Ya pili ni ada ya kila mwezi ya kukishikilia, na hiyo haiishi. Eneo zima la seva moja ni mita 256 kwa 256, yaani mita za mraba 65,536. Kwenye bara la kampuni, yaani ardhi inayosimamiwa na kampuni yenyewe, mwanachama wa Premium anaruhusiwa mita za mraba 1,024 bila ada ya ziada. Ukivuka hapo unalipa ada kwa ngazi za ukubwa wa ardhi, na ukiuza sehemu, hakikisha umeshusha na ngazi yako, la sivyo utaendelea kukatwa kwa ardhi usiyokuwa nayo.

Kiwanja hakipimwi kwa mita peke yake. Kina kikomo cha uzito wa vitu kinavyoweza kubeba. Hizo mita 1,024 za bara la kawaida hubeba uzito wa 351. Nyumba moja ya kifahari inaweza kula 200, bustani ikamaliza zilizobaki, na kitanda kikakosa pa kukaa. Angalia uzito wa nyumba kabla ya kuangalia madirisha yake.

Visiwa vya watu binafsi navyo vina hatari yake. Hapo "unanunua" kutoka kwa mwenye kisiwa, lakini mbele ya kampuni mwenye kisiwa ni yeye. Asipolipa ada yake, kisiwa kinazimwa pamoja na wapangaji wote. Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kulipa miezi mitatu ya mbele kwa sababu mwenye kisiwa alinipa punguzo. Wiki ya tano nikaingia, badala ya kutokea nyumbani nikatupwa kwenye uwanja wa wageni, na kwenye ramani pale kilipokuwa kisiwa pana maji. Vitu vyangu vingi vilirudi ghalani kwenye folda ya vilivyopotea, vimefungwa donge moja bila majina, ilinichukua jioni mbili kuvichambua. Kinanda nilichopewa na fundi mmoja kwa mkono wake, cha nakala moja, hakikurudi. Mwenye kisiwa hakujibu ujumbe hata mmoja.

Tangu siku hiyo nalipa wiki moja kwenye sanduku la kodi, lile linalohesabu muda uliolipiwa, punguzo liwe kubwa namna gani. Kabla ya kulipa nasoma mambo mawili: jina la mwenye eneo kwenye maelezo ya kiwanja, na lini alijiunga. Kisha nauliza wapangaji wawili watatu kama mwenye eneo hujibu ujumbe. Na weka alama ya siku ya kulipa. Sanduku likifika sifuri, vitu vinarudishwa ghalani bila huruma, na huwezi kumlaumu aliyefanya hivyo.

Nataka kuingiza kipato halisi. Nasikia kuna watu wametajirika. Nianzie wapi?

Unamzungumzia Anshe Chung, kila mtu humzungumzia. Ni avata wa Ailin Graef, mwalimu mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani. Alianza na akaunti ya kawaida ya kulipia, akanunua ardhi, akaigawa, akaipamba, akaipangisha. Mwaka 2006 alitokea kwenye jalada la BusinessWeek, na Novemba mwaka huo alitangaza kwamba mali zake humo zimepita dola milioni moja za Marekani. Ni kweli alitangaza. Ila mali hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya humo ndani, ikithaminiwa kwa bei za wakati ule. Bei za karatasi na fedha iliyokwisha kutolewa ni vitu viwili.

Kwa mgeni, hesabu ni ndogo zaidi. Zamani kulikuwa na viti vya kukalia: unakaa dakika kumi, unapewa dola mbili tatu za Linden, ili mwenye eneo aonekane ana wageni wengi. Piga hesabu kwa L$250: ukikaa saa nane mfululizo kwa L$3 kila dakika kumi unapata L$144. Hata dola moja ya Marekani haijafika, na kompyuta imekula umeme siku nzima. Kazi yoyote utakayopewa humo, ya kukaribisha wageni, ya kucheza ngoma, ya kusimama dukani, ifanyie hesabu hiyo hiyo kabla ya kukubali. Nyingine zinafurahisha na zinakupa marafiki, hilo silikatai. Lakini ziite burudani yenye bakshishi.

Wanaopata kipato ni wanaotengeneza: nguo, samani, nywele, skripti, miondoko. Inachukua miezi kujifunza, na sokoni unakutana na watu wenye uzoefu wa miaka 15. Kama una kipaji na subira, karibu sana, tunawahitaji.

Kutoa fedha nako kuna hatua. Unauza dola za Linden kwenye LindeX, unapata salio la dola za Marekani, na salio hilo tangu 2019 linashughulikiwa na Tilia, kampuni ya malipo. Watakutaka uthibitishe wewe ni nani kwa kitambulisho halali. Kuna ada, na kuna siku za kusubiri. Ukiwa umejiandikisha kwa jina la uongo na tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, ndipo utakapokwama, na barua za waliokwama hapo ninazo nyingi. Andika jina lako la kweli kwenye akaunti leo. Avata aitwe utakavyo. Na kipato hicho ni kipato, kodi yake ni jukumu lako.

Nina L$180 zilizobaki kwenye akaunti. Nizitumieje vizuri?

Swali zuri kuliko yote niliyoletewa.

Usinunue kitu. Kupakia picha ya kawaida ni L$10. Chukua kiolezo cha fulana cha bure chenye ruhusa ya kubadilisha, chora pambo lako nje kwenye programu yoyote ya picha. Kabla ya kulipa, tumia sehemu ya picha za ndani ya kompyuta yako: pambo litaonekana kwenye fulana bila gharama, ila utaliona wewe peke yako. Zungusha avata, tazama mshono wa begani, ndipo michoro ya wanaoanza hukunjamana. Rekebisha, jaribu tena, hata mara kumi. Likikaa sawa, lipakie. Utabaki na L$170 na fulana ambayo jina la mtengenezaji wa pambo lake ni lako. Ukipata muda, nitumie picha yake niione.